Viwango vya BPA na PFOS vinashuka: ni watu au ni maabara?

Swali
Wakuu, tunafuatilia BPA (kemikali ya plastiki) kwenye mkojo na PFOS (kemikali ya kuzuia maji na madoa) kwenye seramu (majimaji ya damu). Kuna sampuli za mizunguko mitano ya ukusanyaji, kila baada ya miaka 3, zote ziko kwenye friza ya nyuzi -80. Mizunguko mitatu ya mwanzo ilipimwa na maabara moja, miwili ya mwisho na nyingine yenye mashine nyeti zaidi. Viwango vinashuka. Nitajuaje kama kweli watu wanapata sumu kidogo?

Jibu 1
Usichore grafu bado. Chukua sampuli kama 40 za kila mzunguko, ficha tarehe, zipange kwa mfuatano wa bahati nasibu, kisha zipimwe upya na maabara moja kwa mkupuo mmoja. Kila sampuli 20 ziambatane na moja ya marejeo iliyothibitishwa (ambayo kiwango chake kinajulikana) na moja tupu ya maji safi. Sampuli ileile ikitoa jibu tofauti na la zamani, hapo ndipo maabara ilipokudanganya. Ni gharama, ila hakuna hesabu itakayoziba pengo hilo. Kagua na vifuniko: vyenye tefloni huweza kuingiza PFAS (kundi la kemikali ambamo PFOS imo) kwenye sampuli, polipropilini ni salama zaidi.

Jibu 2
Mkuu, usizisome kemikali hizo mbili kwa jicho moja. BPA hutoka mwilini ndani ya saa chache, kwa hiyo mkojo wa mara moja unasimulia mlo wa siku ile tu. Saa ya kukusanya ikihama kutoka asubuhi kwenda jioni, umeshatengeneza mabadiliko yasiyokuwepo. PFOS huchukua takriban miaka 3 hadi 5 kupungua nusu. Hata chanzo kikikatwa kabisa leo, baada ya miaka 3 wastani utakuwa bado karibu nusu au zaidi. Ukiona umeanguka chini ya hapo kati ya mizunguko miwili, shuku vipimo, au angalia kama waliopimwa ni kundi jingine la umri.

Jibu 3
Hapo kwenye umri nakazia. Benki ya sampuli ya Ujerumani hupima kila mwaka wanafunzi wa miaka 20 hadi 29, ili uzee usijifanye mabadiliko ya mazingira.

Halafu zile sampuli zilizosomeka "haikuonekana": mliziandikia nini? Kama ni nusu ya kikomo cha mashine (kiwango kidogo kabisa inachoweza kuona), mashine mpya yenye kikomo cha chini imewashushia wastani bila mtu yeyote kubadilika. Tumia kikomo kikubwa zaidi kwa miaka yote, au hesabu za data zilizokatwa, yaani zile zinazojua kuwa jibu liko chini ya kikomo bila kulibunia namba.