Nyenze wa miaka 17: ramani inasema wapo, mtaani hawapo

Swali
Wakuu, nachora mipaka ya Magicicada septendecim, nyenze anayetoka ardhini kila baada ya miaka 17, mashariki mwa Marekani. Ramani za kaunti zinaonyesha Kundi la X (la kumi, yaani nyenze wanaotoka mwaka mmoja) limejaa Indiana na Maryland, lakini mwaka 2021 mtaa mmoja ulivuma mchana kutwa na wa jirani ulikuwa kimya. Ramani ina kasoro? Na nimtofautisheje na M. cassini, ndugu yake wa miaka 17?

Jibu la 1
Kasoro iko kwenye ramani. Kaunti hupakwa rangi nzima hata wakionekana kwenye kijisitu kimoja. Tunutu (mtoto wa nyenze) hukaa ardhini miaka 17 akifyonza utomvu wa mizizi, kwa hiyo miti iking'olewa katikati ya mzunguko, wa pale wamekwisha. Kurudi ni kazi: mkubwa haruki mbali, kwa kawaida hata mita 50 hazifiki, na wakihamia wachache ndege huwamaliza kabla hawajataga. Kinga yao ni wingi.

Jibu la 2
Kumtambua, mgeuze chali. Septendecim ana mistari mipana ya rangi ya chungwa tumboni, na doa la chungwa ubavuni kati ya jicho na shina la bawa. Cassini ni mweusi tumboni. Dume la septendecim huvuta mlio mmoja mzito unaoshuka mwishoni, kama "faaaa-rao". Cassini hugonga tik-tik-tik kisha hupandisha mvumo mkali. Sikiliza mchana wenye jua. Ukipita kwenye mvua au baridi usiandike "hawapo", maana hunyamaza.

Jibu la 3
Naongezea kwa jibu la 1: mtaa mpya uliojengwa kwa kukata miti usiufute kwenye ramani kabla ya kukagua. Miti michache mikongwe iliyoachwa uani inatosha kuwahifadhi. Udongo ukifika nyuzi 18 za Selsiasi kwenye kina cha sentimita 20, tafuta chini ya miti hiyo matundu ya unene wa kidole.

Ushahidi mzito kuliko yote ni vijiti vya unene wa penseli vyenye michirizo ambamo majike yametaga mayai. Ncha zake hukauka na kuwa kahawia wiki chache baadaye. Hapo una hakika wamezaliana. Waliowahi kutoka miaka 4 kabla ya kundi lao, kama wale wa 2017, waandike kando, wasikupanulie mipaka. Nyenze wa kijani wa Julai na Agosti ni jamii nyingine. Septendecim ana macho mekundu na hutoka Mei na Juni. Kundi la X linarudi 2038, ila Kundi la I linatoka Virginia 2029, anzia huko.