Kiungulia cha usiku: mito mitatu na maziwa, bado koo linawaka

Swali: Kiungulia kinaamka kila nikishalala. Pilipili nimeacha, nalalia mito mitatu, na nakunywa glasi ya maziwa kabla ya kulala. Nakosea wapi?

Jibu la 1: Mito yenyewe ni kosa. Inakukunja kiunoni, tumbo linabanwa, asidi inasukumwa kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni). Kinachotakiwa kuinuka ni kiwiliwili chote. Weka vipande vya mbao chini ya matendegu mawili ya mchagoni, kimo cha sentimita 15 hadi 20, uvichonge kishimo juu ili tendegu lisiteleze. Halafu lalia ubavu wa kushoto. Ukilalia kulia, asidi inatuama pale pale umio unapoingilia tumboni.

Jibu la 2: Na hayo maziwa yaache. Yanapoza kidogo tu, kisha yanachochea tumbo litoe asidi nyingine, tena umeshalala. Mlo wa mwisho uwe muda wa saa tatu kabla ya kulala, na uwe mdogo kuliko wa mchana. Pilipili inalaumiwa sana, lakini wingi wa chakula na mafuta huponza wengi zaidi: tumbo likitanuka, vali ya chini ya umio hufunguka ovyo, na mafuta hukawiza chakula kushuka.

Kahawa, chokoleti, pombe, minti: usiache vyote kwa mkupuo, hutajua mkosaji ni nani. Acha kimoja wiki mbili, kirudishe, uone. (Minti hasa. Watu huinywa kutuliza tumbo, kumbe inalegeza vali.)

Muuliza swali: Omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, je? Nikiimeza wakati wa kulala sioni tofauti.

Jibu la 3: Kwa sababu inazima pampu za asidi zinazoamshwa na chakula. Imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, siyo tumbo likiwa limelala. Ukishaitumia miezi, usiikate ghafla; asidi hurudi kwa kishindo. Muulize daktari namna ya kuipunguza.

Chakula kikikwama kooni, uzito ukishuka bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali. Maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho, usiyaite kiungulia: hiyo ni dharura ya moyo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Jibu la 2: Nilisahau mkanda. Ulegeze ukishakula, na usiiname kuokota vitu, chuchumaa.