Mahindi yakikosa mvua yanaacha kupumua?

mkulima_kongwa: Wakuu habari za jioni, mahindi yangu wiki ya 3 sasa hayajaona mvua, mchana majani yanajikunja kama sigara alafu usiku yanafunguka. Dogo wa fomu 3 anasema mmea nao unapumua, sasa kwenye ukame upumuaji unasimama au?

jani_bichi: Hausimami mkuu. Kinachoumia kwanza ni usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua, vitundu vya jani vinajifunga maji yasitoke kwahiyo hewa ukaa nayo haiingii vizuri, sukari mpya inapungua sana. Ila mitokondria, vile vijisehemu vya ndani ya seli vinavyofanya upumuaji, zinaendelea kuchoma sukari mchana na usiku. Yaani mshahara umekatwa lakini kodi ya nyumba iko palepale, inaliwa akiba.

mama_shamba: Na usiku wa joto ndo inaliwa zaidi. Ikikuta mahindi yanatoa mbelewele ni balaa, mwaka jana nilivuna magunzi yana mapengo kama mdomo wa bibi 😅

mkulima_kongwa: Duh, yangu ndo yanatoa sasa hivi. Mbona mtama wa jirani uko freshi?

jani_bichi: Mtama majani yana nta, mizizi inashuka chini, na unaweza kutulia ukisubiri mvua. Mahindi hayana subira hiyo