Wanaotaka Uingereza irudi kwenye ratili na aunsi, mnamtetea nani hasa?

Wakuu, salaam. Nimevumilia nimechoka, leo naandika.

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni, mji ninaoishi huku Uingereza, mbele ya meza ya nyanya. Kipande cha boksi kimeandikwa kwa maka nyeusi, tarakimu kubwa kama kiganja: 1.20. Pembeni, kwa herufi za sisimizi: lb. Bei ya kilo haipo. Mbele yangu dada mmoja mgeni anafurahi, maana supamaketi ya jirani kilo ni paundi 2 na peni 10. Anaona kaokota dodo chini ya mwarobaini. Nikamwambia: dada, hiyo siyo kilo. Hiyo ni ratili, gramu 454, nusu kilo haifiki. Tukapiga hesabu kwenye simu: kilo ya pale inakuja paundi 2 na peni 65. Akarudisha mfuko mezani. Muuzaji akanitolea macho, akasema hivi ndivyo vipimo vya nchi yake na karibuni vitarudi.

(Nasema ratili kama babu zetu, kwa sababu ukisema paundi huku hujui unataja hela au uzito. Hiyo peke yake ni kero.)

Kwanza, sheria haimkatazi kuandika bei ya ratili. Inamtaka aandike na ya kilo, na ile ya ratili isiizidi kwa kuonekana. Basi! Hilo ndilo watetezi wa ratili wanaloliita kunyimwa uhuru.

Pili, wanadanganya kwamba Ulaya ndiyo iliyowalazimisha. Uingereza ilitangaza kuhamia metriki, yaani vipimo vya kilo, lita na mita, mwaka 1965. Kwenye Jumuiya ya Ulaya imeingia 1973. Nani alimlazimisha nani? Ni kweli baadaye sheria za Ulaya zilikaza, na mwaka 2001 muuza matunda wa Sunderland, Steve Thoburn, alitiwa hatiani kwa kuuza ndizi kwa mizani ya ratili. Mtu yule namuonea huruma, alikuwa anatafuta riziki yake, na amefariki 2004. Lakini wanasiasa wamemgeuza bendera.

Sasa tazameni yaliyofanyika 2022. Wiki ile ile ya sherehe za miaka 70 ya Malkia Elizabeth, serikali ya Boris Johnson ikatoa dodoso kuuliza wananchi maoni. Swali mojawapo: ungekuwa na hiari, ungependa kununua kwa vipimo vya kizamani, au kwa vya kizamani vikiwa pamoja na vya metriki? Chaguo la tatu hakuna. Yaani unaulizwa upigwe kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Nilikaa na dodoso lile kwenye simu usiku, nimetoka zamu, natafuta kwenye swali lile pa kusema hapana, sipaoni. Nililia kwa hasira, sioni haya kusema.

Na bado watu walisema. Majibu zaidi ya 100,000, na asilimia 98.7 wakataka metriki, ama kama ilivyo sasa ama metriki peke yake. Desemba 2023 serikali ikafyata, ikaishia kuruhusu mvinyo wa chupa ya painti, mililita 568. Ungedhani yameisha. Wapi! Kila siasa ikipoa kuna mtu anayafufua, na humu ndani nimeona hata Watanzania wenzangu wanashangilia eti ni utamaduni wa watu, tuwaachie.

Niwaambie kazi yangu. Nahudumia wazee majumbani. Kila mwezi tunapima uzito, kwa sababu mzee akianza kupungua ndiyo dalili ya kwanza kwamba hali chakula, au kuna ugonjwa. Mzee wangu mmoja, binti yake aliandika kwenye karatasi 10.6, akimaanisha stoni 10 na ratili 6. Stoni moja ni ratili 14, siyo 10. Mwenzangu akaiingiza kwenye kompyuta kama stoni kumi nukta sita. Kompyuta ikatoa kilo 67.3, kumbe mzee alikuwa na 66.2. Mwezi uliofuata nampima kwa kilo, 66.2, moyo ukanipasuka: kapungua zaidi ya kilo nzima! Nikapiga simu kwa muuguzi, familia ikahaha siku mbili. Mzee hajapungua hata gramu. Na ingekuwa kinyume chake, anapungua kweli na hesabu inamficha, nani angejua?

Mtaniambia hata Bongo tunanunua mbao mbili kwa nne na bomba la nusu inchi. Sawa, fundi na muuza mbao wote wanazijua, hakuna anayeibiwa. Mimi nimezaliwa Njombe. Nimemuona baba akipanga viazi juu ya gunia lililokwisha kujaa, anaongezea kilemba cha wavu, anashona lumbesa, na mnunuzi analipa gunia moja. Kilo zile za juu ndizo zilikuwa ada yangu ya shule. Mtu aliyekulia kwenye lumbesa hawezi kusikia "vipimo vya jadi" akatabasamu. Kipimo kisichoeleweka na wote kina mwenyewe, na mwenyewe siyo yule dada wa nyanya.

Kile kibao nimekipiga picha, nimekipeleka kwa wakaguzi wa biashara wa halmashauri. Jumamosi narudi pale pale kuangalia kama bei ya kilo imeandikwa. Anayeishi karibu na soko la namna hiyo naye apige picha, aweke hapa chini.