Tupeane uzoefu: sloti ile ile kwenye kampuni mbili, je, zinarudisha sawa?

Mtoto wa Tandika (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina akaunti kwenye kampuni mbili za kubeti, zote na leseni ya hapa Tanzania. Kote kuna Gates of Olympus, ile sloti (mchezo wa bahati wa kuzungusha picha). Siku zote nilikuwa nasema mchezo ni mmoja, kampuni ni dirisha tu la kupitishia hela. Jumamosi umeme ulikatika, sina la kufanya, nikabonyeza kile kitufe cha "i" ndani ya mchezo nikashuka kwenye kanuni mpaka chini kabisa. Pale kuna asilimia ya hela zinazozungushwa ambayo mchezo unarudisha kwa wachezaji, kwa wastani wa muda mrefu. Kampuni ya kwanza: 96.50%. Ya pili: 94.50%. Mzee yule yule mwenye ndevu nyeupe, vito vile vile, taji lile lile. Namba tofauti.

Nikachukua karatasi. Dau langu ni 200, kwa jioni moja nazungusha kama mara 500. Hapo inapita 100,000, hata kama niliweka 20,000 tu, maana kila ushindi mdogo unarudi kuzungushwa. Kwa 96.50 wastani wa kuliwa ni 3,500. Kwa 94.50 ni 5,500. Ukizitazama hizo asilimia unaona ni pua na mdomo, ila ukitazama kinachobaki kwao, ni zaidi ya mara moja na nusu. Na mimi miezi minane nimekaa kwenye hiyo ya pili kwa sababu kutoa hela ni haraka.

Naomba kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake, ya kusikia tuyaache.

Zamu ya Usiku, Nairobi

Nilikaa miaka mitatu huduma kwa wateja katika kampuni moja ya kubeti hapa. Watu walikuwa wakipiga simu saa nane usiku: "Mmeibana hiyo mashine!" Nami nikijibu nilivyofundishwa, kwamba hakuna mtu anayeweza kuugusa mchezo. Ilikuwa kweli, lakini nusu.

Mchezo unakaa kwenye seva za waliouunda. Sisi hatukuwa na kitufe cha kumbana mteja fulani, wala cha kuubana mchezo usiku na kuulegeza asubuhi. Kinachochaguliwa kinachaguliwa mapema, mkataba unapofanywa: muundaji anakuja na matoleo kadhaa ya mchezo mmoja na kampuni inachukua linaloifaa. Sloti ya Book of Dead ya waundaji Play'n GO, kwa mfano, toleo la juu ni 96.21. Chini yake kuna 94.25, 91.25, 87.25, mpaka 84.18. Picha hazibadiliki, muziki haubadiliki. Kwenye hilo la mwisho, kila mia inayozunguka, karibu 16 haitoki tena.

Mteja angeniuliza "mnatumia toleo gani?" ningemjibu, halikuwa siri. Miaka mitatu nzima hakuna aliyeniuliza, na sikuwahi kumwambia mtu kwa hiari yangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Binti Sengerema

Nimefungua wa kwangu sasa hivi. Namba haipo kabisa, nimeshuka mpaka mwisho mara mbili. Nimewaandikia, nasubiri.

Chuma cha Reli, Tabora

Mnajisumbua wakuu. Mimi kwenye kampuni yangu nilishapiga 1,200,000 kwa dau la 400. Kule kwingine sijawahi kupata kitu. Inayolipa inajulikana.

Mwalimu wa Kihonda

Mkuu wa Tabora, nilifikiri kama wewe, nikaamua kupima. Nafundisha hisabati, nina daftari. Mchezo mmoja, kampuni mbili, mizunguko 2,000 kila upande kwa dau la 100, naandika salio kila baada ya mizunguko 50. Ilinichukua likizo yote ya Juni.

Upande ulioandikwa 96.50 niliweka mzungukoni 200,000 zikarudi 181,400. Yaani 90.7. Upande ulioandikwa 94.50 zikarudi 206,900. Nilitoka na faida kwenye ile mbaya!

Nilikaa na hilo daftari siku mbili. Kurasa zenyewe zilinionyesha: kwenye ule upande wa pili kuna mstari mmoja, mzunguko wa 1,300 na kitu, nilipata mizunguko ya bure ikalipa 31,000 kwa mpigo. Ondoa mstari huo, unabaki na 175,900, chini ya upande wa kwanza. Mzunguko mmoja kati ya 2,000 uligeuza jibu lote. Hizi sloti zinazolipa kwa nadra na kwa kishindo ndivyo zilivyo, asilimia yake inaanza kuonekana kwenye mamilioni ya mizunguko. Kwa hiyo 1,200,000 yako ni ya kweli, na haisemi lolote kuhusu kampuni. Ya kusoma ni namba iliyoandikwa ndani ya mchezo. Kwa kuhisi hutaipata, kwa daftari pia hutaipata.

Chuma cha Reli, Tabora

Mwalimu nimekuelewa. Ngoja nikaangalie.

Mpemba wa Hamburg

Hapa Ujerumani tofauti imeletwa na kodi. Tangu Julai 2021 serikali inakata asilimia 5.3 kwenye dau lenyewe la sloti za mtandaoni, ushinde ushindwe. Sasa mchezo wa 96 unamwachia mwenye kasino 4 tu, na kodi peke yake ni zaidi ya hiyo 4. Wenye leseni wakahamia matoleo ya chini. Michezo niliyoizoea kwa 96 nikaanza kuikuta kwenye 88, 90. Tena sheria hiyo ya 2021 ilikuja na dau lisilozidi yuro 1, na mzunguko mmoja uchukue wastani wa sekunde 5 au zaidi.

Jamaa yangu akaona anaonewa, akaifuata 96 kwenye tovuti isiyo na leseni. Akashinda yuro 2,300. Wakataka pasipoti. Kisha bili ya umeme. Kisha picha yake ameshika pasipoti, kisha nyingine kwa sababu kidole kimeziba herufi. Wiki ya sita akaunti ikafungwa na barua pepe haijibiwi. Wapo pia huko wanaoendesha nakala za kughushi za michezo maarufu, na hapo hata hiyo 96 unayoisoma ni maandishi yao wenyewe.

Boda ya Kigamboni

Aviator siyo sloti lakini mnivumilie: ndege inapaa, dau linazidishwa kadiri inavyopanda, na unatakiwa kutoa hela kabla haijatoweka. Yenyewe ni 97, juu kuliko zote mlizotaja, na ndiyo iliyonimaliza. Nikitoa kwenye mara mbili kila raundi, ndege inafika hapo kama mara 48 na nusu katika mia. Inakaribia nusu kwa nusu, unajiona uko salama.

Shida ni mwendo. Raundi nyingi hazifiki nusu dakika. Kijiweni nikisubiri abiria nilikuwa napiga kama raundi 150 kwa saa, dau 500. Saa nne kwa siku ni 300,000 inayopita kwenye simu. Asilimia 3 yake ni 9,000. Hiyo ndiyo hesabu ya tajiri wangu ya siku nzima! Nilikuwa nampelekea ndege kwanza, tajiri baadaye, nyumbani kinachobaki. Nimefuta programu, huu ni mwezi wa nne sasa.

Mama Nuru, Mwanza

Na bonasi msiziache. Nilipewa 10,000 ya bure, sharti niizungushe mara 35 kabla ya kutoa. Hiyo ni 350,000. Kwa toleo la 96, wastani unaacha 14,000 njiani, na zawadi yenyewe ni 10,000. Kwa toleo la 92 ni 28,000. Mimi nilipofika mzunguko wa mia na ishirini hivi salio lilikuwa sifuri, nikaongeza la kwangu kuifukuzia.

Mdogo wangu anacheza dubwi la dukani, lile la kutumbukiza sarafu ya 200. Pale hata pa kubonyeza kusoma hakuna.

Mtoto wa Tandika (mleta mada)

Boda ya Kigamboni, pole sana kaka, na asante kwa kusema.

Nimewapigia ile kampuni ya pili leo saa nne asubuhi. Kijana akaniomba nisubiri, muziki dakika sita, akarudi: "Ni 94.50 kaka, kama ilivyoandikwa." Nikamuuliza kama muundaji analo la 96.50, kwa nini walichukua hili. Akasema hilo haliko kwenye skrini yake. Sikumlaumu, nilimkumbuka Zamu ya Usiku.

Nimetoa 11,400 yangu iliyobaki, imeshaingia M-Pesa. Kesho nafungua ile michezo mingine mitano niliyokuwa nacheza na kuandika hapa namba ya kila mmoja. Binti Sengerema, wakikujibu utuwekee jibu lao hapa kama lilivyo.