Hotspoti ya Pi-Star kwenye Pi Zero W inakata Wi-Fi kila baada ya dakika 10 hadi 20, nianzie wapi?

antena_fupi

Wakuu, salaam.

Nina hotspoti ya DMR (kiboksi kinachounganisha redio ya kidijitali ya DMR na intaneti): kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero W, juu yake bodi ya redio ya MMDVM ya antena moja, programu ni Pi-Star 4.1. Ikiwashwa inashika Wi-Fi bila tabu, dashibodi inafunguka, BrandMeister (mtandao wa DMR ninaotumia) inaonyesha kijani. Zikipita dakika 10 hadi 20 dashibodi haifunguki tena, ping haijibu, na nikiongea kwenye redio hakuna anayenisikia. Nikichomoa umeme na kuchomeka tena inarudi, halafu yanajirudia yale yale. Hata inapokuwa hewani sauti zinazoingia zinakatakata, neno moja linasikika, mawili hayasikiki.

Mazingira: ruta iko chumba cha pili, kama mita 7, katikati ukuta mmoja wa tofali. Inatoa 2.4 GHz na 5 GHz kwa jina moja. Simu na kompyuta mpakato zinapata mtandao vizuri mezani hapo hapo. Kasha la hotspoti ni la alumini. Chaja ni ya simu, 5 V 1 A, na waya wa USB mrefu wa mita 2. Redio ya mkononi ni ya wati 5 na inakaa pembeni ya hotspoti. Masafa niliyoweka ni 433.900 MHz. Kadi ya SD nimeshaiandika upya mara mbili, hakuna kilichobadilika.

fundi_mawimbi

Mkuu, kabla hujagusa kadi tena, tenganisha mawimbi mawili yaliyomo kwenye hicho kiboksi. Kuna Wi-Fi ya 2.4 GHz kati ya Pi na ruta, na kuna UHF kati ya redio yako na bodi ya MMDVM. Dalili zake masikioni zinafanana, tiba zake hazifanani hata kidogo.

Hotspoti ikishakata, usichomoe umeme. Bonyeza kitufe cha kuongea huku unaangalia taa za bodi. COS ikiwaka maana yake bodi imeisikia redio, upande wa UHF uko hai na tatizo liko kwenye mtandao. Isipowaka, shughulika na masafa, rangi (color code, namba ambayo lazima ifanane kwenye redio na hotspoti) na ofseti (marekebisho madogo ya masafa). Na wakati hotspoti iko hewani, soma safu mbili kwenye dashibodi: BER (asilimia ya biti zenye makosa) kwenye mistari yenye chanzo RF inahusu redio yako kuja kwenye bodi, Loss kwenye mistari yenye chanzo Net inahusu pakiti zilizopotea njiani kutoka intaneti. Watu wengi wanaona Loss ya asilimia 10 halafu wanaanza kuhangaika na ofseti. Ofseti haiwezi kurudisha pakiti iliyopotea kwenye ruta.

Sababu ya kukukataza kuchomoa umeme ni hii: Pi-Star inaweka /var/log kwenye RAM ili kulinda kadi. Ukizima, ushahidi wote unafutika. Tafuta adapta ya USB ya Ethernet na kiunganishi cha OTG, chomeka kwenye tundu lililoandikwa USB (siyo lile la PWR IN), uvute waya hadi kwenye ruta. Utaingia kwa SSH (kuiamuru Pi kutoka kompyuta nyingine) hata Wi-Fi ikiwa imekufa. Kisha tuletee majibu ya hizi:

`iw dev wlan0 link`
`iw dev wlan0 get power_save`
`iw reg get`
`dmesg | grep brcmfmac`
`sudo grep -h wlan0 /var/log/syslog /var/log/daemon.log | tail -50`

Ya kwanza iendeshe mara mbili wakati Wi-Fi bado iko hai: kasha likiwa limefungwa, na likiwa limefunguliwa.

volti_tano

Naongezea umeme, maana huo waya wa mita 2 unanitia shaka. Utaambiwa uendeshe `vcgencmd get_throttled` na ikitoa 0x0 uridhike. Kwenye Pi 3 na Pi 4 hilo ni jibu la kuaminika. Kwenye Zero W siyo, kwa sababu familia ya Zero haina sakiti ya kugundua umeme mdogo. Itakujibu 0x0 hata volti zikiwa zimeanguka.

Pima kwa mita. Weka ncha nyekundu kwenye pini ya 2 ya GPIO, nyeusi kwenye pini ya 6, halafu mtu aongee kwenye kundi ulilojiunga ili bodi irushe mawimbi huku Wi-Fi inapokea. Ukiona chini ya 4.8 V wakati huo, badilisha waya kwanza, chaja baadaye. Waya mwembamba na mrefu unakula volti hata chaja ikiwa nzuri. Mimi naweka waya mnene usiozidi nusu mita na chaja ya 2.5 A.

antena_fupi

Asanteni sana. Majibu:

Taa ya COS inawaka hotspoti ikiwa imekata. BER ya redio yangu ni 3.8%. Loss inarukaruka kati ya 0 na 12%.

Mawimbi ya ruta kasha likiwa limefungwa: -76 dBm. Likifunguliwa: -61 dBm.

Power save: on. Nchi: US. Kwenye kumbukumbu kuna mistari kadhaa ya namna hii:

`wlan0: CTRL-EVENT-DISCONNECTED bssid=... reason=4`

Ping kwenda kwenye ruta inaanza na ms 4, inapanda hadi 300 na zaidi, inashuka tena. Volti kwenye pini: 4.71 bodi ikirusha, 4.93 ikiwa imetulia.

fundi_mawimbi

Hapo umetupa kila kitu. Naenda moja moja kwa uzito wake.

Kasha. Kutoka -61 hadi -76 ni desibeli 15, yaani nguvu inayofika kwenye Pi imepungua zaidi ya mara 30. Antena ya Zero W ni ile pembetatu iliyochongwa kwenye bodi yenyewe, ukingoni kati ya tundu la HDMI ndogo na tundu la USB. Alumini inaifunika kabisa. Simu yako inapata mtandao mezani hapo kwa sababu haijavaa bati. Tumia kasha la plastiki, au kama unalipenda hilo, acha upande huo wazi na usiuegemeze kwenye chuma. Lenga -67 dBm au namba iliyo karibu zaidi na sifuri. Ukikaa kwenye -76, jirani akiwasha ruta yake tu unaanguka.

Kulala kwa Wi-Fi. `reason=4` ni ruta inasema imemwondoa mteja kwa kuwa kimya. Na zile ms 300 ni chipu ya Wi-Fi inayosinzia kati ya pakiti. DMR inataka fremu moja ya sauti kila ms 60, kwa hiyo pakiti iliyochelewa ms 300 imewaacha wenzake watano wapite, na sikioni ni neno lililokatika. Izime:

`sudo iwconfig wlan0 power off`

Amri hiyo inadumu hadi utakapozima Pi. Ili ikae moja kwa moja, andika `rpi-rw` kwanza, maana Pi-Star inafunga kadi isiandikwe, kisha fungua /etc/rc.local kwa `sudo nano` na juu ya `exit 0` ongeza:

`/sbin/iwconfig wlan0 power off`

Hifadhi, andika `rpi-ro`, washa upya, kisha hakiki kwa `get power_save`. Usihakiki kwa kusubiri uone kama itakata.

Nchi. US inaishia chaneli ya 11. Ruta ikijichagulia chaneli 12 au 13 usiku, Pi haitaiona kabisa asubuhi. Weka TZ, KE au nchi uliyopo kwenye ukurasa wa Wi-Fi wa Pi-Star. Halafu ingia kwenye ruta, ondoa "auto", funga 1, 6 au 11, upana 20 MHz. Zero W haina 5 GHz, kwa hiyo lile jina moja la bendi mbili litenganishe. Ruta nyingine humsukuma mteja aende 5 GHz na Pi inabaki kugonga mlango usiofunguka. Usalama uwe WPA2-PSK AES. Mchanganyiko wa WPA2/WPA3 unaisumbua Zero W kwenye Pi-Star.

Ukiandika faili la Wi-Fi kwa mkono na kuliweka kwenye sehemu ya boot ya kadi, hiki ndicho cha chini kabisa:

```
country=TZ
ctrl_interface=DIR=/var/run/wpa_supplicant GROUP=netdev
update_config=1
network={
  ssid="JinaLaRuta"
  psk="nywila"
  id_str="0"
  priority=100
}
```

Jina lake ni wpa_supplicant.conf. Notepad ya Windows hupenda kuongeza .txt mwishoni bila kukuonyesha, na hapo Pi hailisomi.

volti_tano

4.71 ni kidogo, badilisha huo waya. Na redio isogeze mita 2 au 3, nguvu iwe ndogo kabisa. Bodi inarusha takriban milliwati 10. Wati 5 mezani pamoja nayo zinaizidi masikio, na zinaweza kuingia kwenye waya wa USB ukiwa kama antena. Huenda hiyo BER ya 3.8 ikashuka kwa kusogea tu, kabla ya kugusa ofseti.

Hama pia 433.900. Rimoti nyingi za mageti na magari ziko 433.92. Kwa satelaiti kuna 435 hadi 438, huko nako usikae. Juu ya 438 ni pazuri zaidi, ilimradi leseni yako na mpango wa masafa wa nchi yako vinaruhusu.

pwani_dmr

Kwa anayetumia simu badala ya ruta: kwenye iPhone 12 na kuendelea washa Maximize Compatibility, vinginevyo simu inatoa 5 GHz na Zero W haioni kitu. Kwenye Android chagua bendi ya 2.4. Na jina la iPhone likiwa na ’s, ile alama ni ya mkunjo, siyo ' ya kibodi ya kompyuta. Ukiiandika kwa mkono majina hayalingani. Badilisha jina la simu liwe herufi na namba tu.

antena_fupi

Kasha la plastiki, waya wa sentimita 30, power save off, nchi TZ, ruta chaneli 6, redio mita 3 kwa nguvu ndogo, masafa nimehamia 438. Sasa ni saa 26 bila kukata. Mawimbi -60, ping kwenye ruta ms 3 hadi 9, volti 4.97 ikirusha. BER 1.6%. Loss mara nyingi 0, mara chache 2.

fundi_mawimbi

Safi. Hiyo 1.6 ndiyo sasa ya ofseti. Kwenye menyu ya Expert ya Pi-Star, MMDVMHost, badilisha RXOffset kwa Hz 100 kila mara, ongea sekunde 10, soma BER. Ikipanda, rudi upande wa pili. Ukifika chini ya 1%, weka TXOffset namba ile ile, kwani kurusha na kupokea vinatumia kristali moja inayoweka masafa. Loss ile ya 2 ikikusumbua, angalia Jitter (muda wa kusubiri pakiti zilizochelewa, kwa ms) chini ya DMR Network. Ukikuta 360 jaribu 500. Usiende mbali zaidi bila sababu, kila nyongeza ni ucheleweshaji kwenye mazungumzo.