Baba Krismasi: tumwache mtoto aamini, au tumwambie ni hadithi?

Wazazi wenzangu, naomba tulijadili hili kabla Desemba haijatukuta tena, maana limenigawa na mdogo wangu wa damu na mpaka leo hatujalimaliza.

Mdogo wangu anaishi Kanada. Mwaka jana alikuja na mwanawe wa miaka saba, tukapanda wote Moshi kula Krismasi kwa bibi. Mtoto yule anamwamini Santa, yaani Baba Krismasi mleta zawadi usiku wa mkesha, kwa moyo wote. Huko kwao watoto humwandikia barua na barua zinajibiwa: posta ya Kanada imemtengea Santa msimbo wake, H0H 0H0, na kuna watu wanaojitolea kuandika majibu. Njia nzima alikuwa akiuliza kama Santa ataijua nyumba ya bibi kule migombani. Mama yake akamhakikishia kwamba ataijua.

Usiku wa mkesha alilala kitanda kimoja na mwanangu wa miaka minane. Asubuhi, upande wa mgeni kulikuwa na gari la kuchezea limefungwa kwenye karatasi inayong'aa. Upande wa mwanangu hakukuwa na kitu. Mdogo wangu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Zawadi za watoto wa nyumba nzima alishazigawa siku aliyofika, kwa mkono wake, na mwanangu alipata viatu vizuri sana. Lakini ndugu yake alikuwa amemweleza kwamba Santa ana orodha ya watoto wazuri na wabaya, na wabaya huwaruka. Jioni nikimkata kucha akaniuliza polepole, "Mama, mimi nilikosea nini?"

Nilikosa jibu. Nilipomweleza mdogo wangu, alisikitika kweli, ila akasema, "Dada, nakuomba usimwambie mwanangu. Atajua mwenyewe wakati wake ukifika."

Msimamo wangu ni huu: Baba Krismasi asimuliwe, achezwe, achorwe, lakini mzazi asimwapie mtoto kwamba ni kweli. Hata sisi tulikuzwa na mambo ya kubuni. Bibi alipotaka kutusimulia sungura na fisi alianza, "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitika, "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Hebu lifikirieni itikio hilo. Sisi watoto ndio tuliouita uongo uje, kwa sauti kubwa, tukijua ni uongo na tukiutaka. Baada ya hapo zimwi lilimeza kijiji kizima tukaogopa hadi tukashindwa kwenda chooni peke yetu. Ladha haikupungua hata chembe kwa sababu tulijua tumeingia hadithini.

Santa haitwi hivyo. Analetwa na vielelezo: biskuti aliyowekewa usiku ikakutwa imeliwa nusu, barua yenye jina la mtoto, hata kamandi ya ulinzi wa anga ya Marekani na Kanada hutangaza kila mkesha amefika wapi, desturi ambayo mwanzo wake ni mwaka 1955. Mtoto akishuku, wakubwa huongeza ushahidi. Mwaka 1897 msichana wa miaka minane wa New York, Virginia O'Hanlon, aliliandikia gazeti la The Sun akitaka aambiwe ukweli kama Santa yupo. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba gazeti hilo likisema jambo, basi ndivyo lilivyo. Gazeti likamjibu kwamba yupo, na jibu hilo linapendwa hadi leo. Mimi kila nikilisoma namwonea huruma yule mtoto. Aliomba ukweli, tena aliutaja kwa jina.

Najua wapo watakaosema watoto hawaumii. Mdogo wangu alinitajia utafiti wa Marekani wa mwaka 1994, ambapo watoto 52 walioacha kuamini waliulizwa walijisikiaje walipogundua. Wengi walilipokea vizuri. Waliohuzunika zaidi ni wazazi. Nakubali. Ila mwanangu hakuumia kwa kugundua kwamba Santa hayupo. Aliumia kwa kuamini kwamba yupo.

Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Zawadi ya mzazi hufuata mfuko wake. Ya Santa inasemekana hufuata tabia ya mtoto. Ukiwaweka pamoja watoto wa mifuko tofauti, asiyepata anajihukumu. Mtoto akijua nguo ya sikukuu imetoka kwa mama anayeuza nyanya, hata akikosa anajua kwa nini. Ndiyo maana napenda mkono wa Idi kwa majirani zetu Waislamu: mtoto anapita, anasalimia, anapewa shilingi zake na mtu anayemwona usoni.

Mdogo wangu naye amenibana mahali pawili. Kwanza, kwamba sisi huku tunawatishia watoto kwa zimwi, kwa askari, kwa daktari wa sindano, na hatuoni aibu. Ni kweli, na tangu siku ile nimeacha. Pili, kwamba Santa ametokana na Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra katika Uturuki ya leo, ambaye inasimuliwa aliwatupia usiku dhahabu mabinti watatu maskini ili waweze kuolewa, bila kutaka ajulikane. Anasema anataka mwanawe ajue kwamba kuna kutoa kusikodai asante. Hapo nilinyamaza, kwa sababu ni jambo zuri. Lakini kwa nini tusimfundishe kwa kumfanya yeye ndiye atoaye kwa siri? Ampelekee bibi kanga usiku, asubuhi tucheke wote bibi akishangaa.

Sitaki tufike walikofika makasisi wa Dijon, Ufaransa, ambako tarehe 23 Desemba 1951 sanamu ya Baba Krismasi ilichomwa moto mbele ya kanisa kuu, watoto wakitazama. Kumpokonya mtoto kwa ukali ni kumuumiza vilevile.

Mwaka huu mdogo wangu anakuja tena. Mwanangu sasa anajua, nilimwambia usiku uleule. Juzi ameniuliza: ndugu yake akianza habari za orodha, na kama safari hii atamuuliza moja kwa moja, amwambie nini? Mngemjibuje?